Kufikia Seva ya Nyumbani Ukiwa Mbali: Ufunguo Ubaki Kwako

Kompyuta ndogo iliyowekwa kwenye kona ya sebule inaweza kuhifadhi picha za familia, hati za viwanja, vyeti vya kuzaliwa na risiti za ada za miaka mingi, na kila aliye ndani ya nyumba akavifungua kwa Wi-Fi bila kutumia hata kidogo ya bando. Ugumu huanza mmoja wa familia anapokuwa safarini na kuhitaji nakala ya cheti jioni ileile. Anwani ambayo nyumbani ilifanya kazi, tuseme 192.168.1.20, huko aliko haimfikishi popote, kwa kuwa ni miongoni mwa anwani zilizotengwa kwa matumizi ya mitandao ya ndani, na mamilioni ya nyumba duniani zinatumia namba hizohizo kwa wakati mmoja.

Ninaendesha seva ya namna hiyo Dar es Salaam kwa ajili ya ndugu walio karibu na walio mbali, na katika makala hii ninaeleza njia ninayoiamini ya kuifikia kutoka nje. Njia yenyewe inatumia proksi ya kinyume, yaani programu inayopokea maombi ya wageni kwa niaba ya seva iliyojificha nyuma yake, ikayafikisha ndani na kurudisha majibu. Maelezo ya kuiweka yanapatikana kwa wingi, lakini mengi yanapita haraka juu ya swali ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: katika safari nzima kutoka kwenye simu ya mgeni hadi kwenye diski ya nyumbani, ni mahali gani data inasimbuliwa, yaani kufunguliwa kutoka katika hali ya siri ikawa inasomeka, na ni nani anayetawala mahali hapo?

Ushauri wa zamani ulikuwa kuingia kwenye ruta na kuielekeza kwenye seva poti ya 443, yaani mlango wa namba unaotumiwa na tovuti salama. Kwa wengi wetu ushauri huo haufanyi kazi tena. Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu na zimekwisha kugawanywa karibu zote, kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti, hasa zinazotoa huduma kwa njia ya simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mwezi Aprili 2012 ilitengwa safu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Kujua kama uko katika hali hiyo ni rahisi: fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani iliyopewa upande wa nje, kisha ilinganishe na anwani inayoonyeshwa na tovuti yoyote inayomwambia mgeni anwani yake. Zikitofautiana, au ile ya ruta ikiwa ndani ya safu niliyoitaja, basi hata ufungue poti zote za ruta hakuna ombi litakalokufikia, kwa maana kuna ruta nyingine ya kampuni mbele yako ambayo huna mamlaka nayo.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kujiuliza ni nani hasa watakaoingia. Kama ni wewe na mwenzi wako peke yenu, huhitaji tovuti ya wazi kabisa. Wekeni kwenye simu zenu WireGuard, programu inayofungua njia ya siri kati ya vifaa (ikipitia seva ya kukodi nitakayoieleza hapa chini, kama ruta yenu haifikiki kutoka nje), muwe ndani ya mtandao wa nyumbani popote mlipo, na kazi imekwisha kwa usalama mkubwa zaidi. Proksi inakuwa na maana pale unapotaka mama mkubwa aliye kijijini, au binamu aliye Muscat, afungue kiungo ulichomtumia kwenye WhatsApp bila kusakinisha chochote na bila kuelekezwa hatua kwa hatua kwa simu.

Kwa kuwa nje haiwezi kuingia ndani, ni lazima ndani ianze kutoka. Unakodi seva ndogo yenye anwani yake ya kudumu, na seva ya nyumbani inaunganishwa nayo kwa handaki la WireGuard, programu iliyobuniwa na Jason Donenfeld na kuingizwa rasmi katika kiini cha Linux toleo 5.6, mwezi Machi 2020. Handaki likishafunguliwa kutoka ndani, pakiti, yaani vipande vidogo vya data, hupita pande zote mbili. Ndani yake seva ya kukodi tuipe anwani 10.8.0.1 na ya nyumbani 10.8.0.2. Upande wa nyumbani, sehemu inayoitambua seva ya kukodi inaandikwa hivi:

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa seva ya kukodi)
Endpoint = 203.0.113.7:51820
AllowedIPs = 10.8.0.1/32
PersistentKeepalive = 25

Kila mstari hapo una sababu yake. Ile 25 ni sekunde: bila pakiti ndogo ya kila baada ya muda huo, ruta ya kampuni husahau kwamba kulikuwa na mawasiliano, na mlango wa kurudia hufungwa kimyakimya. Kwenye Endpoint ninaandika namba badala ya jina, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, kompyuta huwaka haraka kuliko ruta, na wakati huo hakuna intaneti ya kutafsiria jina. Namba haihitaji kutafsiriwa, hivyo handaki hujifungua lenyewe ruta inapopata mawasiliano. Kwenye AllowedIPs ninaruhusu anwani moja tu, 10.8.0.1, na sababu yake nitaieleza mbele.

Kuna dalili moja inayowachosha watu wengi katika hatua hii. Ukurasa wa kuingia unafunguka vizuri, maandishi yanaonekana, lakini picha kubwa inabaki inazunguka bila kumalizika. Mara nyingi tatizo ni ukubwa wa pakiti. WireGuard kwa kawaida huweka kikomo cha baiti 1420, ikitoa 80 za gharama yake kutoka katika 1500 za kawaida, lakini baadhi ya mitandao ya simu inabeba pakiti ndogo kuliko 1500, na pakiti zilizozidi hutupwa njiani bila taarifa. Kushusha kikomo hicho, kiitwacho MTU, hadi 1280 pande zote mbili za handaki kwa kawaida humaliza jambo hilo, kwa gharama ndogo sana ya kasi.

Sasa tufike kwenye proksi yenyewe. Njia inayofundishwa zaidi ni kuweka programu ya proksi kama nginx au Caddy kwenye seva ya kukodi, kuchukua hapohapo cheti cha usalama wa tovuti kutoka Let's Encrypt, mojawapo ya mamlaka zinazotoa vyeti hivyo, kisha kupeleka maombi nyumbani kwa HTTP ya kawaida, isiyosimbwa, ndani ya handaki. Ni rahisi na inafanya kazi. Lakini ina maana kwamba ufunguo wa siri wa tovuti yako umelala kwenye diski ya kompyuta usiyoimiliki, na kwamba kila picha, kila nenosiri na kila hati inasimbuliwa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta hiyo kabla ya kuendelea na safari. Mwenye mashine anaweza kunakili diski yake na kumbukumbu yake akitaka, na aliyefanikiwa kuivamia anaweza kusoma kila kinachopita. Huduma zilizo tayari kama Cloudflare Tunnel, ambazo wengi huzitumia kwa kuwa hazihitaji kukodi seva wala kuwa na anwani ya nje, nazo katika matumizi ya kawaida ya tovuti husimbua data katika mitambo ya kampuni kabla ya kuifikisha kwako. Sisemi kwamba kampuni hizo zinasoma picha za watu. Ninasema kwamba mtu aliyeihamishia data yake nyumbani ili iwe mikononi mwake anapaswa kujua kuwa kwa mpangilio huo ameirudisha, wakati wa kupita, katika mikono ya mwingine.

Kwa picha za harusi huenda hilo halikukoseshi usingizi. Kwa mafaili ya wagonjwa wa zahanati ndogo, au ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, hali ni tofauti, na si kwa hisani tu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019, na zote mbili zinaweka masharti juu ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi.

Mimi nimechagua njia nyingine. Seva ya kukodi inafanya kazi ya tarishi anayebeba bahasha iliyofungwa: inapokea muunganisho kwenye poti ya 443 na kuupitisha kama ulivyo, bila kuusimbua, hadi nyumbani, ambako ndiko kuliko cheti na ufunguo wa siri. nginx, ambayo Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004, ina moduli ya stream kwa kazi hiyo, na mpangilio wake ni mfupi kuliko ule wa kawaida:

stream {
    server {
        listen 443;
        proxy_pass 10.8.0.2:8443;
        proxy_protocol on;
    }
}

Nyumbani kuna nginx ya pili, na hiyo ndiyo proksi ya kinyume kwa maana kamili, kwani ndiyo inayosimbua ombi na kulipeleka kwenye programu ya picha inayosikiliza ndani ya kompyuta hiyohiyo:

server {
    listen 443 ssl;
    listen 8443 ssl proxy_protocol;
    server_name picha.jinalako.tz;
    set_real_ip_from 10.8.0.1;
    real_ip_header proxy_protocol;
    client_max_body_size 2g;
    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $remote_addr;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto https;
    }
}

Mistari ya cheti na ufunguo nimeiacha kwa kuwa kila mmoja ana njia yake ya faili. Mstari wa client_max_body_size usiusahau, kwa sababu nginx isipoambiwa hukataa faili lolote linalozidi megabaiti moja, na picha ya simu ya leo inazidi hapo karibu kila mara.

Maneno proxy_protocol yanahitaji kuelezwa kidogo. Muunganisho unapopita kwenye seva ya kukodi, kwa macho ya seva ya nyumbani wageni wote wanaonekana wametoka 10.8.0.1. Hilo si suala la takwimu tu. Programu za kuhifadhi mafaili kama Nextcloud hupunguza kasi ya mtu anayekosea nenosiri mara nyingi, na inamtambua mtu huyo kwa anwani yake. Ikiwa dunia nzima ina anwani moja, roboti ya mbali inayojaribu manenosiri itasababisha familia yote icheleweshwe mlangoni. Kwa proxy_protocol, mtindo ulioanzia kwenye programu ya HAProxy, seva ya kukodi hutanguliza mstari mdogo unaotaja anwani halisi ya mgeni kabla ya data iliyosimbwa, na nyumbani nginx huusoma na kuuamini kwa sharti kwamba umetoka 10.8.0.1. Vilevile katika X-Forwarded-For, mstari unaoiambia programu anwani ya mgeni, nimeweka $remote_addr peke yake, ilhali mifano mingi huweka $proxy_add_x_forwarded_for. Hiyo ya pili huongeza anwani mwishoni mwa chochote alichokituma mgeni, na mgeni anaweza kutuma uongo. Hapa hakuna proksi nyingine ya kuheshimiwa mbele, basi ni salama zaidi kufuta alichoandika na kuandika tunachokijua. Baada ya hapo programu yenyewe iambiwe imwamini nani: kwenye Nextcloud sehemu hiyo inaitwa trusted_proxies.

Poti ni mbili, 443 na 8443, kwa sababu inayohusu umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukikodi seva Ulaya, na njia ya nyaya ikawa na urefu wa kilomita 10,000, kila kipande cha safari kinachukua milisekunde 50. Aliyekaa sebuleni, mita chache kutoka kwenye seva, akitumia jina la tovuti, ombi lake litakwenda Ulaya, litarudi Dar es Salaam, jibu litakwenda Ulaya tena na kurudi: milisekunde 200 kwa kila ombi na jibu lake, na ukijumlisha mazungumzo ya mwanzo ya kufungua muunganisho salama, zaidi ya nusu sekunde hupita kabla ya herufi ya kwanza kuonekana. Dawa yake ni kuifanya ruta, au seva ndogo ya majina ndani ya nyumba, ijibu kwamba picha.jinalako.tz ni 192.168.1.20 kwa walio ndani, huku dunia ya nje ikiambiwa anwani ya seva ya kukodi. Walio ndani hupitia 443 moja kwa moja, bila mstari wa utangulizi. Wa nje hupitia 8443. Jina ni moja, cheti ni kimoja, na kivinjari hakilalamiki popote. Jambo hili linawezekana kwa urahisi kwa sababu cheti kiko nyumbani, na ni moja ya sababu zilizonifanya nisirudi kwenye njia ya kwanza.

Kuna siku ambazo tofauti hiyo si ya milisekunde. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za ukanda wetu, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika sana. Katika hali kama hiyo, nyumba mbili za mji mmoja ambazo mawasiliano yao yanategemea seva iliyo ng'ambo hukosana, ingawa kila moja ina faiba nzima hadi mlangoni. Kwa hiyo kama unaweza kukodi seva nchini mwako kwa bei unayoimudu, na wageni wako wengi wako nchini humo, fanya hivyo. Kama wengi wako Ulaya au Marekani, hesabu inageuka. Angalia wanakokaa watu wako ndipo uchague.

Kuhusu cheti chenyewe, Let's Encrypt hukubali kuthibitisha umiliki wa jina kwa kuweka rekodi katika DNS (mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani), njia iitwayo dns-01, ambayo haihitaji mtu yeyote kuifikia seva yako kutoka nje. Ndiyo inayofaa hapa. Lakini ni lazima niseme wazi jambo ambalo watetezi wa njia hii hulisahau: kubakiza ufunguo nyumbani hakutoshi. Jina lako linaelekea kwenye seva ya kukodi, na kwa hiyo anayeitawala seva hiyo anaweza kuomba cheti kipya kwa njia ya http-01, akajibu swali la uthibitisho kwenye poti ya 80 yeye mwenyewe, akapewa cheti halali kabisa, kisha akasimama katikati kama wewe. Kinga yake ni rekodi ya CAA katika DNS, yenye maneno haya:

0 issue "letsencrypt.org; validationmethods=dns-01"

Rekodi hiyo inaziambia mamlaka zote za vyeti kwamba ni Let's Encrypt peke yake inayoruhusiwa kutoa, na kwa njia ya DNS tu. Kwa hatua hiyo moja, usalama wa jina lako unahama kutoka kwa mwenye seva ya kukodi kwenda kwenye akaunti yako ya DNS, na ni akaunti hiyo sasa inayostahili nenosiri refu na uthibitisho wa hatua mbili.

Njia ya dns-01 ina faida nyingine. Kila cheti kinachotolewa huandikwa katika daftari za umma ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma, kwa mfano kupitia crt.sh. Ukichukua cheti cha picha.jinalako.tz, jina hilo linakuwa hadharani siku hiyohiyo, na roboti zinazosoma daftari hizo huanza kubisha ndani ya muda mfupi, zikitafuta kurasa za utawala za programu zinazojulikana. Njia ya dns-01 inakuruhusu kuchukua cheti cha nyota, *.jinalako.tz, ambacho hakitaji jina lolote dogo. Kisha nyumbani weka seva ya chaguo-msingi yenye ssl_reject_handshake on, inayokata muunganisho wa yeyote asiyetaja jina sahihi. Hiyo si badala ya nenosiri zuri, ila inapunguza kelele kwa kiasi kikubwa, na kumbukumbu za seva zikipungua kelele mtu huweza kweli kuzisoma. Daftari hizohizo nazitazama mara kwa mara kwa manufaa yangu: kikitokea cheti cha jina langu ambacho sikukiomba, nitakiona.

Sasa ile sababu ya AllowedIPs. Seva ya kukodi ndiyo iliyosimama uwanjani, kwa hiyo panga mambo ukidhani kwamba siku moja itavamiwa. Handaki lisiwe daraja la kuingilia nyumbani kwako. Anwani moja tu ya 10.8.0.1 ndiyo inayokubaliwa kutoka upande ule, fayawoli ya nyumbani inaruhusu kutoka kwenye handaki poti ya 8443 peke yake, na upitishaji wa pakiti kwenda vifaa vingine vya nyumbani umezimwa. Mvamizi wa seva ya kukodi atakuta mlango uleule ambao mgeni yeyote anauona, na bado atadaiwa nenosiri. Wanaotumia Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makasha, wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa poti inayochapishwa na Docker hupita kando ya kanuni za fayawoli ya ufw, na mtu anaweza kuamini amefunga ilhali pako wazi; kwa hiyo andika 127.0.0.1:8080:8080, usiandike 8080:8080.

Vyeti hivi huisha baada ya siku 90, na Let's Encrypt iliacha kutuma barua pepe za tahadhari mwezi Juni 2025, hivyo uhuishaji wa kujiendesha si anasa. Certbot, programu inayochukua na kuhuisha vyeti hivi, kwa kawaida huanza kuhuisha zikibaki siku 30. Weka na kazi ndogo kwenye seva ya kukodi, inayofungua muunganisho kila siku, kusoma tarehe ya mwisho ya cheti na kukutumia ujumbe zikibaki chini ya wiki mbili. Ikishindwa kufika nyumbani kabisa, nao ni ujumbe unaouhitaji.

Majaribio ya mwisho yafanywe kwa simu iliyozimwa Wi-Fi, inayotumia data ya mtandao mwingine, kwani ukiwa ndani ya nyumba jina litakupeleka kwenye 192.168.1.20 na utadhani njia ya nje ni nzima. Pakia video ndefu, si ukurasa wa kuingia tu. Kisha zima ruta na kompyuta kwa pamoja, ziwashe, na usiguse chochote. Ukifungua tovuti kutoka nje na ikaitika bila mkono wa mtu, sasa unaweza kuwatumia ndugu kile kiungo.